Ulezi Upande Huu, Mimi Upande Ule

Kipupwe cha mwaka huu kilinikuta na kifua kibovu. Kwa muda mrefu nililala nikitazama mabati ya nyumba hii, na mjukuu wangu, huyu anayeandika maneno haya, akawa ananifukiza kila siku: sufuria ya maji yanayochemka, majani ya mkaratusi ndani yake, na blanketi juu ya kichwa changu. Sikuomba kufukizwa. Lakini nilipoinama mle gizani na mvuke ukaniingia puani, sikuwa tena bibi kizee wa hapa Mollo mwenye kusumbua watu kwa kikohozi. Nilikuwa mtoto asiye na nywele, nimeketi ndani ya kikapu, na baba yangu ananibeba begani kuelekea kwenye mikaratusi ya misheni.

Nimemwagiza mjukuu wangu aandike kama ninavyosema, asiongeze utamu wake wala asipunguze ukali wangu. Mimi sikusoma. Habari hii ndiyo inayoeleza kwa nini sikusoma, ingawa sikuianza kwa nia hiyo. Ninawaeleza ninyi wa rika langu, mliougua surua wakati surua ilipokuwa surua kweli, mkabaki.

Surua ilipita kijijini kwetu kama mgeni anayejua kila mlango. Iliponiacha mimi, iliniachia kichomi. Mama alinipeleka zahanati ya misheni, tukakaa huko hata nikasahau sauti ya majogoo wetu, na Sista mmoja mwenye mikono ya baridi akanichoma sindano asubuhi na jioni. Niliporudishwa nyumbani nilikuwa mifupa na macho. Nywele zilikuwa zimenyonyoka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, na kila kilichoingia mdomoni kilikuwa na ladha ya majivu. Sikuwa mgonjwa tena. Nilikuwa nimechoka. Uchovu ule haukuwa wa kulala ukaisha. Ulikuwa umejenga ndani ya magoti yangu, na kumfukuza inzi ilikuwa kazi ya kufikiria kwanza. Watu wazima humwuliza mtoto wa namna hiyo anaumwa wapi, naye hana mahali pa kuonyesha. Basi nilikaa kizingitini nikiota jua, nikitazama jinsi dada yangu Melania anavyobeba ndoo, anavyofagia, anavyokimbia, nikashangaa mwili wa mtu unapata wapi nguvu zote zile.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipokuwa zahanati, hali yangu ilipokuwa mbaya kuliko siku zote, aliweka nadhiri: nikipona, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria itakapofika, familia nzima itakwenda misheni na kuweka mbele ya altare ulezi wenye uzito wangu. Shukrani ya aina hiyo haikuwa jambo geni kwetu. Mtu alipeleka alichovuna, na aliyepona alikwenda nacho mwenyewe, mbele za watu, ili wamwone kwa macho yao. Lakini nadhiri ile sikuelezwa. Watoto wa siku zile hawakuelezwa mambo; waliambiwa wavae.

Asubuhi ya sikukuu, jua lilipokuwa bado halijapasha joto, Baba alitoa uani mti mrefu aliokuwa akiutumia kubebea samaki wakavu kutoka bondeni, akaufunga kikapu huku na kikapu huku, mzegamzega. Mama akatandika blanketi ndani ya kikapu kimoja, akaniweka humo. Katika kikapu cha pili Baba akamimina ulezi. Akaingiza bega chini ya mti, akainua, upande wangu ukalemea. Akashusha, akamimina ulezi mwingine, akainua tena. Alifanya hivyo taratibu mpaka mti ukalala sawasawa begani pake. Kisha Mama akachukua kitambaa cheupe kipya, akakipasua katikati. Kipande kimoja akafunika ulezi. Kipande cha pili akanifunga kichwani, kwa sababu ya upara wangu na upepo wa mwezi ule, ambao ninyi mnaujua.

Mimi nilitazama kikapu kile, nikatazama changu. Uzito uleule, mti uleule, kitambaa kilekile.

Tukaondoka. Mama alitangulia na chungu cha kuku kichwani, Melania akatembea kando ya kikapu changu akiwa na kibuyu cha togwa. Nami nataka mjue kwamba safari ile ilikuwa tamu. Tangu niugue, macho yangu yalikuwa yamezoea ukuta na dari. Sasa niliona vitu vilivyo mbali. Uwanda wetu hauna miti mingi ya kumzuia mtu asione. Niliona mashamba yaliyovunwa, na katika mashamba ya jirani ntumba zimekwisha kupangwa, vile vilima vya udongo tunavyofukia majani ndani yake yaoze kwa ajili ya mbegu ya mwaka ujao, vimejipanga mpaka kwenye ukingo wa mbingu kama kundi la ng'ombe waliolala. Niliona moshi wa nyasi zilizochomwa. Mti ulilia kidogo kila Baba alipokanyaga, nami niliyumba huku na huku kama mtoto aliye mgongoni, isipokuwa nilikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Nilikuwa ninakwenda mahali, na halikuwa jukumu langu kutembea.

Njia ilikuwa imejaa watu wa vijiji vyote, wamevaa vizuri, wengine na mbuzi, wengine na maboga. Baba aliposimama ili ahamishe mti kutoka bega hili kwenda lile, mama mmoja aliyekuwa na jogoo kwapani alisimama nasi. Baada ya salamu akachungulia vikapu, akauliza, “Baba Melania, umebeba nini hicho?”

“Shukrani,” Baba akajibu.

“Na hicho cha pili, chenye macho?”

“Hicho nacho ni shukrani.”

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli akasema kama ni hivyo basi padri ajiandae, maana ulezi husagwa lakini hicho cha pili kitataka kulishwa. Wakacheka zaidi, na hata Baba akatabasamu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetajwa, na nilikuwa nimesikia nilivyotajwa.

Tuliposhika njia tena, Melania alisogea karibu na kikapu changu. Alinizidi miaka michache tu, lakini kwangu alikuwa mtu mzima aliyekubali kucheza na watoto. Akasema kwa sauti ya chini, Mama asisikie, “Yustina, unamkumbuka yule mbuzi tuliyempeleka kanisani mwaka jana?”

Nikasema namkumbuka.

“Ulimwona tena?”

Sikumwona tena.

“Basi. Kinachokwenda mbele ya altare ndani ya kikapu hakirudi.”

Nikamwuliza, hata mtu? Akafikiri, akahamisha kibuyu mkono wa pili, akasema hata mtu, akiwa amebebwa pamoja na mavuno. Masista ni wema, akasema, wanalaza watu kwenye vitanda vya chuma, lakini Mama hatakuwepo, wala yeye hatakuwepo. “Ila huwa wanauliza kwanza,” akaongeza. “Ukiulizwa, wewe sema hutaki.” Kisha akanifunika miguu na blanketi, akaimba pamoja na wengine.

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Kila kitu kilikuwa kimenionyesha habari hiyohiyo kabla yake: kipimo, kitambaa, kicheko cha njiani. Nilielewa sasa kwa nini nilikuwa nimepakwa mafuta hadi vidoleni, na kwa nini Mama hakunigombeza tangu nirudi kutoka zahanati. Lakini nguvu za kulia sikuwa nazo. Kulia kunataka kifua. Nililaza shavu ukingoni mwa kikapu, nikaendelea kutazama mashamba yanavyopita.

Misheni ilitangulia kunukia kabla haijaonekana. Mikaratusi ilikuwa imepandwa pande zote mbili za njia, mirefu, magome yake yananing'inia, na chini yake baridi ilikuwa nyingine. Mlangoni Baba alinitoa kikapuni, akanisimamisha. Kanisa lilijaa mpaka nje. Misa ya Kiswahili ilikuwa bado ngeni siku zile. Wazee waliokuwa nyuma yetu walinung'unika Kilatini chao chinichini huku ngoma zikipigwa mbele, jambo ambalo wao walikuwa hawajalizoea. Wakati wa matoleo ukafika. Watu wakapanga foleni katikati, wakacheza polepole kwenda altareni, vigelegele, majogoo wakipiga kelele, maboga juu ya vichwa. Baba alikwenda na kikapu cha ulezi kifuani. Mama alinishika mkono, na mkononi mwingine nilibeba kisahani chenye ulezi kidogo. Padri akapokea, akaniwekea kiganja kichwani juu ya kitambaa, akasema maneno. Baba na Mama wakainama, wakageuka, wakarudi.

Mimi sikurudi. Nilisimama pale, kati ya maboga na mbuzi wa mtu, kwa kuwa pale ndipo mahali pangu. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi. Alinitazama, nami nikamtazama. Nilimwona kuwa ni mwenzangu. Waliokuwa na matoleo wakatupita, wakaweka, wakarudi. Katekista akanipungia mkono niondoke. Sikuondoka. Nikasikia kicheko kikianzia upande wa wanawake, kikapita kanisa zima, na Mama akaja ameinama kana kwamba anapita chini ya kamba ya nguo, akanivuta. Aliponiketisha mapajani pake nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio. Nikafikiri: kumbe si sasa. Kumbe ni baadaye, wakishakula.

Baada ya misa familia zilitawanyika chini ya mikaratusi, kila moja na vyungu vyake. Wavulana walicheza mpira uwanjani, mpira wa matambara, vumbi likawafunika hata hawakujulikana. Kwingine ngoma iliendelea. Mama alitandika, akafunua chungu, na hapo ndipo jambo lililonithibitishia kila kitu lilipotokea. Baba aliokota firigisi, akaitazama, akaiweka mkononi mwangu.

Wenzangu, ninyi hamhitaji kuelezwa. Firigisi ilikuwa ya baba. Hakuna mtoto aliyeiomba, hakuna mke aliyeionja. Kuku alichinjwa, akapikwa, na firigisi ilitafuta sahani ya mwenye nyumba yenyewe. Melania alitoa macho. Mama akajifanya anatafuta chumvi. Nami nikajua kwamba ninaagwa.

Mtoto anayejua kwamba anaagwa, na ambaye hana nguvu za kupinga, hufanya nini? Nilikula. Nilijisemea, kama ndiyo siku ya mwisho, basi niile. Na ajabu yake ni kwamba firigisi haikuwa na ladha ya majivu. Ilikuwa na chumvi, ilikuwa ngumu kidogo, ilikuwa na ladha ya moshi wa jiko letu, na meno yangu yalifurahi kupata kazi. Nikamaliza, nikanyoosha mkono. Mama akanipa ugali wa ulezi na mchuzi, nikamaliza. Nikaomba togwa. Nilipoinua uso niliona Baba na Mama wameacha kula, wanautazama mdomo wangu, na Mama machozi yanamtoka. Nikayahesabia machozi yale kwenye kuagana. Kisha nikalala chali, kichwa changu kwenye paja lake. Majani yalimetameta juu yangu, jua likapita katikati yake na kunigusa usoni na kuondoka, na tumbo langu lilikuwa zito na la joto. Uchovu ulikuwepo palepale, lakini kwa mara ya kwanza ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kulima, si wa mtu aliyetoka kufa. Nilitamani siku ile isikunjwe.

Ndipo Sista wa zahanati akaja. Alitusalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, akapiga magoti, akanifunua kope, akaweka sikio mgongoni mwangu. Alizungumza na Baba kwa heshima lakini bila kuzunguka. Alisema kifua hakijawa safi, kwamba ingefaa nikae chini ya macho yao mpaka mvua zianze, na kwamba katika bweni la wasichana kulikuwa na kitanda kimoja kilichobaki wazi; nikipata nguvu ningeanza darasa pamoja na wadogo. Alisema maneno hayo alikwisha kumwambia Mama tulipokuwa tumelazwa. Mama akakubali kwa kichwa. Baba alivunja kijiti vipandevipande. Hatimaye akasema alikwisha kulifikiria, na alikwisha kuamua kwamba mtoto ataulizwa mwenyewe, kwa sababu mtoto huyu alikwisha kusumbuliwa vya kutosha na mambo ambayo hakuulizwa.

Akanigeukia. “Yustina. Unataka kubaki hapa kwa Sista?”

Nilikumbuka niliyoagizwa, kwamba niseme sitaki. Lakini nilipofungua kinywa, swali lililokuwa limenikaa tumboni tangu asubuhi ndilo lililotoka.

“Baba, ulezi haukutosha?”

Waliokuwa karibu wakacheka. Sista akacheka pia, kwa upole, na Mama akajifunika mdomo kwa kanga. Baba hakucheka. Alinitazama, na ninaamini kwamba katika kunitazama kule aliirudia safari nzima, toka uani mpaka altareni, akaona nilichokuwa nimekiona mimi. Uso wake ulibadilika.

“Umetosha,” akasema. “Umetosha kabisa, mwanangu.” Kisha akamwambia Sista kwamba huyu tunarudi naye nyumbani.

Sista hakuudhika. Alisema tu kwamba kitanda ni kimoja na wanaokihitaji ni wengi, hivyo kesho kitakuwa na mtu mwingine. Alipokuwa anasimama na kujipangusa vumbi, Melania, aliyekuwa amekusanya sahani ili akazioshe, akasema akiwa anazitazama sahani zile, “Nibaki mimi.”

Ilikuwa kama kuku aliyekwisha kupikwa ametoa sauti. Mama ndiye aliyejibu kwanza: nani atateka maji, nani atasaga, nani atanilinda mimi, Mama akiwa shambani. Baba aliuliza kama kuna mtu aliyemtuma. Melania akasema hakuna. Baba akamwuliza kama anajua kwamba hatarudi nyumbani mpaka likizo, na Melania akasema anajua. Yalisemwa mengi tena, polepole, kama watu wanavyosema juu ya ng'ombe wanayempenda, na mwisho wake Sista alimshika Melania mkono. Dada yangu alinikabidhi kibuyu. Hakunitazama usoni.

Tulipotaka kuondoka, Baba alipata tatizo ambalo hakuwa amelifikiria. Ulezi ulikuwa umebaki altareni, nami sikuweza kutembea, na mzegamzega haukubali mzigo wa upande mmoja. Akaenda kando ya njia, akaokota mawe, akayapanga katika kikapu kitupu. Akainua. Upande wangu ukalemea. Akaongeza jiwe. Bado. Akaongeza jingine, kisha akasimama akiwa ameshika mti kwa mikono miwili, akaniangalia.

“Umeongezeka,” akasema. Na akacheka, baba yangu, kicheko ambacho sikukisikia mara nyingi maishani, na Mama akacheka huku analia.

Nami niliyatazama yale mawe upande wa pili, mahali palipokuwa na ulezi, nikatazama mahali kando yangu ambapo Melania alikuwa ametembea asubuhi, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ulezi haukuwa umetosha. Baba alisema umetosha kwa sababu alinihurumia. Palihitajika mtu, na dada yangu alijitoa ili mimi nirudi. Jua lilikuwa linashuka upande wa Ziwa Tanganyika, upepo ulikuwa umetulia, njia yote ilikuwa ya dhahabu, nami nilikuwa nimeshiba na nimebebwa. Nilifurahi. Sikuweza kuizuia furaha ile, na iliniuma.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nguvu ziliporudi, ndoo ya Melania ikawa yangu, jiwe lake la kusagia likawa langu. Habari ya shule ilitajwa kwangu mara moja moja, lakini magoti ya Mama yalikuwa yameanza kumsumbua, na Baba akasema nyumba yetu imekwisha kumtoa msomi mmoja na inamhitaji mwingine shambani. Sikulalamika. Niliona ndiyo haki. Melania alikuja likizo akiwa na viatu, ananukia sabuni, nami nilimfulia nguo zake, nikamwachia mahali pa karibu na moto, nikampa ukoko wa chini ya sufuria ambao wote wawili tuliupenda. Akinikosea sikumjibu. Watu wakasema Yustina ni mpole, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba sikuwa mpole hata siku moja. Nilikuwa ninalipa. Akawa mwuguzi, akafanya kazi Namanyere mpaka akastaafu, na hata tulipokuwa wote tuna watoto wakubwa niliendelea kumfulia alipokuja, akikataa, na mimi nikimnyang'anya nguo mkononi.

Kipupwe hiki aliposikia ninaumwa alipanda basi, akaja. Ni mzee sasa, anahema kwa kupanda ngazi tatu za mlango wangu. Alimtuma mjukuu wangu dukani, akafunua blanketi nililofunikwa, akaondoa sufuria, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Mdogo wangu, unakumbuka nilichokuambia njiani kuhusu mbuzi?”

Nikasema nakumbuka.

“Nilikuambia makusudi. Nilikuwa nimemsikia Mama akimweleza Baba habari za kitanda, na Baba akisema utaulizwa. Nilijua ni chako. Nikataka ukikatae.”

Nilikohoa kwanza, maana kikohozi hakingoji. Kisha nikamweleza nilichoamini mimi, kwamba alibaki ili mimi nirudi, na kwamba nimeamini hivyo tangu siku ile mpaka alipofunua blanketi.

“Ndiyo maana ulikuwa unanifulia?”

“Ndiyo maana.”

“Nami nilidhani umekwisha kujua,” akasema. “Nilidhani unanifulia ili nione aibu. Na niliiona, Yustina. Kila likizo niliiona.”

Mjukuu wangu amesimamisha kalamu hapa, kwa kuwa hakuyasikia haya, alikuwa dukani. Anataka kujua kama nilikasirika. Aandike hivi: hasira inataka nguvu, na zangu zote zilikuwa kwenye kifua. Wala sijui hasa ningekasirikia kitu gani. Mtu asiyesoma hawezi kuupima ukubwa wa alichokosa. Huona tu wenzake wakitazama karatasi, na nyuso zao zikibadilika, naye hajui kilichowabadilisha. Hilo limenichosha maishani, silifichi. Katika ofisi, katika hospitali, hata kanisani wakati wa nyimbo, limenichosha kuliko jembe. Lakini alikuwa mtoto. Alikitaka kitanda kile kama mimi nilivyotaka kurudi, na siku ile kila mmoja wetu alipata alichokuwa anakililia. Ni siku chache za namna hiyo.

Nilikuwa na swali moja tu. Nikamwuliza kama usiku ule wa kwanza, kwenye kitanda cha chuma cha masista, alilala.

Akatikisa kichwa. “Mgongo ulikuwa wa baridi.”

Sisi wawili, tangu nilipoachishwa ziwa, tulikuwa tukilala juu ya ngozi moja ya ng'ombe, mgongo kwa mgongo, na usiku ule mimi pia nililala nikitafuta kwa mgongo wangu mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia avue viatu. Nikasogea ukutani, polepole, kwa sababu ya kifua, na yeye akapanda kitandani, polepole, kwa sababu ya nyonga. Akageukia mlango, nikageukia ukuta. Mgongo wake umekonda, mifupa yake inahesabika. Mjukuu wangu aliporudi kutoka dukani alitukuta tumelala mchana kweupe, wanawake wawili wazee, na hakujua amwamshe nani.